Wanalilaumu Goti la Nsengimana, Kumbe ni Mikono Yangu

Barua hii ilinifikia Jumanne moja, na mwenyewe aliniomba niisome kwenye kipindi changu cha redio cha Ijumaa, lakini sikuisoma. Jibu nilimpelekea kesho yake kwa mkono wa dereva wa pikipiki. Leo, wiki tatu baadaye, naisoma yote pamoja na jibu langu, kwa sababu mwandishi amenitumia ujumbe kwamba sasa niisome, na kwamba majina nisiyafiche, nianze na lake.

Mama Adelaïde

*

Mama Adelaïde mpendwa,

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi na sijui nianzie wapi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa maana ikipita Jumamosi hata ukinisaidia itakuwa bure. Jina langu ni Mukundwa, mjane, nina miaka arobaini na mitatu, kwetu ni Kashuga lakini vita vilituleta huku Lushebere miaka minne iliyopita, na kipindi chako nakisikiliza kila Ijumaa jioni, mimi na kilima kizima, kwa sababu saa ile hata wanaokamua ng'ombe wanatundika redio kwenye nguzo ya zizi ili wakusikie.

Kazi yangu ni kukanda watu. Siyo wazazi waliotoka kujifungua, hao wana wenyewe, mimi nakanda watu wanaotumia mwili: vijana wanaobeba bidoni za maziwa kutoka malishoni mpaka barabarani, wanawake wanaopanda mlima na gunia la viazi limening'inia kwa kamba ya kichwani, madereva wa pikipiki ambao migongo imewakauka kwa barabara yetu, na zaidi ya wote wachezaji wa mpira. Aliyenifundisha ni Jérémie, mtaalamu wa viungo, wale wanaoitwa kiné, alikuja kwenye kambi ya tuliokimbia vita kutibu waliojeruhiwa akanikuta namkanda jirani yangu miguu, akasema mikono yangu inasikia, akakaa na mimi miezi mitatu. Alinionyesha kwamba kabla ya mechi mkono uwe mwepesi na wa haraka, baada ya mechi uwe wa taratibu na wa kina, kila mara unapandisha kuelekea moyoni, na ukikuta fundo kwenye nyama unaliegemea kwa kidole gumba mpaka lilegee, hupigani nalo. Na kabla ya kumgusa mtu yeyote unamuuliza swali moja: iliumia siku gani? Kwa sababu palipoumia upya pakavimba hapakandwi, siku tatu za kwanza mkono ukae mbali kabisa, unaweka kitambaa cha maji baridi, unainua mguu, mtu anapumzika, na kama uvimbe haujashuka unaendelea kungoja. Swali hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, Mama, ndiyo maana nakuandikia kwa aibu.

Ntwari ni mtoto wa kaka yangu Bayingana. Ana miaka kumi na tisa, anachezea Étoile, timu ya vijana wetu wa ng'ombe, na tangu mdogo akikimbia na mpira watu wanasimama. Jumapili moja, sasa ni wiki sita, Étoile walicheza na Espoir, timu ya vijana wa mashambani, na katikati ya kipindi cha pili Ntwari na kijana mmoja anayeitwa Nsengimana waliurukia mpira mmoja, goti la Nsengimana likaingia kwenye paja la Ntwari. Nilikuwa pale pembeni na ndoo yangu ya maji. Nimeshaona watu wakichezewa vibaya, hii haikuwa hivyo, walianguka wote wawili, wakashikana mikono wakainuana, na Nsengimana ndiye aliyempa Ntwari bega mpaka akatoka uwanjani.

Huyu Nsengimana ni mtoto wa Kanyamibwa, na lazima nikuambie Kanyamibwa ni nani kwetu. Tulipofika kutoka Kashuga na ng'ombe tu, bila hata sufuria, ni yeye aliyenikatia kipande cha shamba lake pale kando ya njia nikajenga kijumba, ndicho ninachokandia watu mpaka leo. Na yeye na kaka yangu, tangu mwaka ule tulipofika, akishavuna mahindi ng'ombe wetu wanaingia kula mabua, na kila asubuhi kibuyu cha maziwa kinashuka kwa Kanyamibwa, hakuna siku mtu alimwambia mwenzake umepata zaidi.

Jioni ile ya Jumapili nilifanya kama nilivyofundishwa, niliweka maji baridi, nikainua mguu wa Ntwari juu ya gunia, nikamwambia asiuguse. Lakini Jumatatu asubuhi kaka yangu akaniita nyumbani kwake, nikakuta Verdiane, wifi yangu, ameshapasha siagi. Hapa lazima unielewe, Mama. Nyumbani kwetu mtoto wa kiume akizaliwa anapewa ng'ombe jike, na siagi ya ng'ombe yule na ya uzao wake inawekwa kwenye kibuyu chake peke yake, na siku mtoto akiumia inapashwa ile, na anayempaka ni masenge, yaani dada wa baba yake, siyo mtu mwingine. Siagi ikishapashwa kwa ajili ya mgonjwa haimwagwi wala hairudishwi kibuyuni, lazima iishe mwilini mwake, na masenge akiikataa inasemwa amemkataa mtoto. Nikasema, "Kaka, tungoje siku tatu, muguu ingali inavimba. Jérémie alisemaka hivyo."

Kaka yangu akaniangalia. "Jérémie iko na ngombe ngapi? Yeye njo atajua siagi? Mukundwa, weye njo masenge yake. Ukikatala kumupaka, watu watasema nini? Na wale watu ya Goma wanakuya dimanche kuangalia wachezaji, mutoto atacheza na muguu ya namna gani?"

Nikapiga magoti, nikachota siagi. Niliukanda ule uvimbe ukiwa na moto wake, kwa siagi ya moto, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu wazee waliokaa pale walikuwa wanasema damu imevilia ndani na lazima itawanywe, nikaukanda Jumatatu, nikaukanda Jumanne, nikaukanda Jumatano. Ntwari alikuwa anauma kitambaa. Aliniambia, "Masenge, inaniuma sana, lakini endelea tu, ni juu ya dimanche." Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naiona ile Jumapili kichwani, Ntwari anakimbia mbele ya watu wa Goma na watu wanaulizana ni nani aliyemponya kwa siku sita, wanajibiwa ni Mukundwa. Vijana wa Étoile wananiita docteur. Nilikuwa nimelizoea hilo jina.

Alhamisi paja lilikuwa limevimba mara mbili. Watu wa Goma walikuja, wakaangalia wengine, wakaenda. Wiki ya tatu uvimbe ukashuka lakini ndani ya paja kukabaki kitu kigumu kama ubao, urefu wa kiganja changu, na goti halikunji, Ntwari anakaa na mguu umenyooka mbele yake kama mzee. Ndipo kaka yangu alipoanza kusema kwamba hajawahi kusikia mtu aliyepakwa siagi ya ng'ombe wake na masenge wake akakosa kupona, kwa hiyo kuna kitu kingine kwenye huo mguu. Mtu mmoja akakumbuka kwamba kabla ya mechi mama yake Nsengimana alimfunga mwanawe kitambaa kwenye goti. Basi. Kitambaa kikawa dawa, goti likawa limetengenezwa, mama wa watu akawa mchawi. Kibuyu cha maziwa hakishuki tena kwa Kanyamibwa, ng'ombe wetu hawaingii tena kwenye mabua yake, kanisani wanawake wanasogea mbali kwenye benchi mama yule akikaa, na vijana wa timu mbili wameanza kutembea kwa makundi. Wewe unaijua Masisi yetu, Mama, unajua kitu kama hiki kikiachwa kinaishia wapi, na mimi ni mmoja wa waliokimbia Kashuga.

Na mimi nikanyamaza. Hakuna aliyeniuliza, nikashukuru kwamba hakuna aliyeniuliza.

Wiki mbili zilizopita nilikutana na Jérémie sokoni nikamweleza habari hii kama ni ya mtu mwingine, mkandaji wa kijiji kingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mikono yangu, akasema polepole, "Mama, nilikufundisha nini? Ukikanda damu mupya, inatoka zaidi, na nyama inaweza kuanza kutengeneza mufupa ndani. Huyo mutu mwambiye aache kukanda kabisa. Wamupeleke ku hôpital, wapige radio ya paja, ile picha ya ndani, halafu wamukunje goti mbiyo-mbiyo hapana, kidogo-kidogo. Ni miezi mingi, lakini wengi wanaponaka." Nilimshukuru nikaondoka. Sikumwambia mtu. Mimi mwenyewe niliacha kumkanda Ntwari nikisema mikono inaniuma, lakini kwa kuwa masenge ameshindwa, Verdiane ameshika nafasi yangu, anamkanda kila jioni kwa nguvu ili kutoa dawa, na mimi nasimama pale mlangoni namwambia tu, wifi, taratibu.

Alhamisi iliyopita asubuhi Nsengimana alikuja kwangu. Alipanda njia polepole na fimbo mkononi, akasimama nje, hakutaka kuingia asije akaniletea maneno. Akasema, "Mama Mukundwa, weye unajuaka miguu ya watu. Uniambiye ukweli tu, sitakasirika. Goti yangu njo ilimuharibu Ntwari? Mama alinifunga kitambaa sababu goti ilikuwa inaniuma tangu ku shamba, hakuna kitu ingine, nakuapia. Mi nilifuata tu ballon, mupira." Nilikuwa nimeshika beseni, nikaendelea kulishika. Akasema, "Lundi ingine, hapana hii inakuya, ninaenda Walikale na mujomba wangu, kubeba mizigo ku carrière. Nikiwa mbali, labda watamuacha mama." Ni Jumatatu inayofuata Jumamosi hii, na ule mgodi uko ndani ya msitu, Mama, mtu anabeba gunia la mawe mgongoni siku nzima, na wako waliokwenda kutoka kilima hiki ambao hatujui hata walipozikwa. Nikamjibu, "Mungu anajua, mwanangu." Akasema asante, akashuka.

Jumamosi hii wazee wa kanisa wameziita familia zote mbili. Kanyamibwa ataleta mbuzi na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, atasimama mbele ya kaka yangu aombe msamaha kwa kitu asichokijua, na mke wake ataapishwa mbele ya watu kwamba hana dawa. Mbuzi wenyewe nimemuona, amefungwa nyuma ya nyumba yao.

Sasa ombi langu ni hili. Ijumaa jioni uisome barua hii redioni bila kutaja jina wala kijiji, useme tu kwamba kuna mkandaji mahali fulani alikanda paja jipya likaharibika, na kwamba wenye kusikia waelewe. Sauti yako watu wanaiamini. Wakisikia kutoka kwako wataelewa wenyewe, Kanyamibwa hatapeleka mbuzi, kijana hataenda msituni, na mimi sitakuwa nimesimama mbele ya kaka yangu. Kwa sababu nikisimama, Mama, kaka yangu nimempoteza, nyumba iko kwenye shamba la mtu niliyemkosea, na nani atanipa mguu wake tena nimkande? Sina kitu kingine mimi, nina mikono hii tu. Nisaidie.

Mukundwa,
Lushebere

*

Mukundwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ijumaa sitaisoma.

Nakuambia hilo kwanza ili usikae siku mbili ukingoja redio. Unadhani nikisema "mkandaji mahali fulani" hakuna atakayekujua? Wakandaji wa wachezaji wako wangapi huko kwenu? Kaka yako angekusikia kwenye nguzo ya zizi, mbele ya wachungaji wake, na kikombe mkononi. Hayo ndiyo mazuri. Mabaya ni kwamba huenda wasikuamini. Wangesema ile barua imeandikwa na watu wa Kanyamibwa ili wajisafishe, na mama yule, badala ya kuwa mchawi tu, angekuwa mchawi na mwongo. Ukweli usio na mwenyewe mtu yeyote anaufanyia anachotaka. Huu una mwenyewe, naye ni wewe.

Sasa nikupe haki yako. Uliyoyapitia mpaka ukafika Lushebere siyo madogo, na ukiwa mgeni kwenye kilima cha watu ukajitengenezea kazi ya heshima kwa vidole vyako. Jioni ya kwanza ulifanya sawasawa. Hukumchukia Ntwari, hukutaka aumie, na siagi ile ilipashwa kwa upendo. Hayo yote nayaona, na niliposoma jinsi kijana alivyouma kitambaa akakuambia uendelee, nililia.

Lakini usijifiche nyuma ya siagi. Desturi yenu inasema iishe mwilini mwake. Haisemi iishe kwenye uvimbe. Alikuwa na mgongo, alikuwa na mabega, alikuwa na mguu wa pili mzima ambao ungeshukuru. Wewe ndiye masenge na wewe ndiye mkandaji, chumba kizima hakikuwa na mtu aliyeweza kuyapatanisha yale mawili ila wewe, ungempaka kibuyu kizima bila kugusa palipoumia na hakuna mzee ambaye angekuwa na neno. Hukulifikiria hilo kwa sababu ulikuwa umeshafika Jumapili, unasikia wakikuita docteur. Uliandika mwenyewe, sikukuchokonoa. Nakupa heshima kwa kuliandika, maana wengi wangeishia kumlaumu kaka.

Kosa la Jumatatu ile ni kosa la mtu aliyesukumwa. Kosa la Jumanne na Jumatano tayari ni lako zaidi. Na tangu ulipoongea na Jérémie sokoni hili siyo kosa tena, Mukundwa, ni uamuzi. Kila jioni kwa wiki mbili umesimama mlangoni ukitazama mikono mingine ikiharibu kile ambacho ulishaambiwa jinsi ya kukiokoa, ukasema "taratibu." Taratibu! Verdiane hajui. Anamkanda mwanawe akiamini anamponya. Ukikaa kimya mpaka goti lile lisikunjike maisha yake yote, siku atakapojua, na atajua, utamwambia nini mama huyo kuhusu jioni hizi?

Na Nsengimana. Kijana amepanda mlima akakuuliza uso kwa uso, akakuahidi hata kutokasirika. Ukamjibu Mungu anajua. Mungu anajua, ndiyo, lakini yeye hakuja kumuuliza Mungu. Alikuja kukuuliza wewe kwa sababu wewe pia ulijua, na jibu lako lilikuwa linamtosha kubaki nyumbani. Sina maneno laini ya kuweka hapo.

Unaogopa kumpoteza kaka yako. Inawezekana atakaa miezi bila kukusemesha. Huyo ni mtu anayeuliza mwenzake ana ng'ombe wangapi kabla hajamsikiliza, najua aina hiyo, nilizaliwa na mmoja. Lakini kaka anayekukasirikia kwa ukweli bado ni kaka, na hasira yake ina mwisho. Unaogopa kwamba Kanyamibwa atakutoa shambani. Inawezekana pia, na akikutoa itakuwa haki yake. Mimi siwezi kukuahidi kwamba hutapoteza kitu. Nakuambia tu kwamba kile unachokilinda sasa hivi hukilindi, kinalindwa na mbuzi wa mtu mwingine na kiapo cha mwanamke asiye na hatia.

Fanya hivi, na usibadilishe mpangilio.

Leo, ukishapokea karatasi hii, nenda kwa Verdiane kabla ya jioni. Usimpigie kelele. Mshike mikono yake miwili umwambie aache kumkanda Ntwari, na umwambie kwa nini, na umwambie kwamba hakujua. Hilo la mwisho umwambie mara mbili. Akilia kaa naye. Akikufukuza toka, lakini usitoke kabla hajakuahidi kwamba mguu ule haukandwi tena.

Kesho Alhamisi mwendee kaka yako, zizini, wakati amemaliza kukamua na wachungaji wameondoka. Usiende na mtu wa kukutetea. Anza na neno "mimi," siyo "siagi," siyo "Jérémie," siyo "wazee." Sema: mimi nilijua haikandwi, nikaikanda, nikaiharibu, nikanyamaza. Akishasikia hayo ndipo umwambie aliyoyasema Jérémie kuhusu hospitali. Pale hospitalini Kirotshe wapo watakaoitazama hiyo nyama kwenye picha na kumwambia ukweli wake. Ntwari aende wiki hii, siyo baada ya kikao cha Jumamosi. Kama Jérémie anapatikana, aende naye, kwa sababu kukunja goti lile kidogo kidogo ni kazi ya mtu aliyesomea, na wewe kaa pembeni ujifunze. Na Ntwari mwenyewe umwambie wewe, kwa mdomo wako. Ni mguu wake. Ameiamini mikono yako kuliko maumivu yake, ana haki ya kujua.

Ijumaa asubuhi shuka kwa Kanyamibwa. Muombe msamaha mke wake kwanza, kabla ya mwenye shamba. Yeye ndiye anayekimbiwa kwenye benchi. Na umwambie mbuzi afunguliwe, arudi malishoni.

Jumamosi utasimama. Najua ulitarajia nikuambie kwamba ukishawaambia wote nyumbani, Jumamosi unaweza kukaa kimya. Hapana. Yule mama alisemwa mbele ya watu, atasafishwa mbele ya watu, na hakuna wa kumsafisha ila wewe. Simama kabla Kanyamibwa hajasimama. Usiseme mengi, ukianza kujieleza watasahau ulichokuja kusema. Waambie paja lile liliharibiwa na mikono ya mkandaji, onyesha mikono yako, sema kitambaa kilikuwa kitambaa. Kisha uketi karibu na mama yule, kwenye benchi ileile, na usisogee.

Kuhusu kazi yako: acha mpaka Ntwari apate matibabu. Wachezaji watakuuliza, waambie ulivyokosea na siku ngapi zinangojwa kabla ya kukanda palipovimba. Ukiwaambia hivyo utakuwa umewasaidia zaidi kuliko kama wangekuita docteur miaka kumi. Wakirudi, wamerudi. Kwa maoni yangu mtu aliyeharibu paja moja akasimama akaungama, mkono wake ni wa kuaminiwa kuliko mkono ambao haujawahi kukosea mbele ya watu, lakini hayo ni maoni yangu, miguu ni yao.

Nimebakiza jambo moja, na nimelibakiza makusudi kwa sababu wewe mwenyewe hukuliona ulipokuwa unaliandika. Umeandika kwamba uwanjani walianguka wote wawili. Umeandika kwamba goti la Nsengimana lilikuwa linamuuma tangu shambani, na kwamba ndilo lililogonga paja. Umeandika kwamba wiki tano baadaye alipanda njia yako polepole, na fimbo mkononi. Kijana wa kucheza mpira, Mukundwa, na fimbo. Anakwenda kubeba mawe mgongoni msituni kwa goti hilo. Kilima kizima kimelizungumza goti lile wiki tatu, limelaumiwa, limeapiwa, na hakuna hata mmoja aliyeliangalia, na wewe uliyefundishwa kuangalia ulikuwa umeshika beseni.

Jumamosi watu wakishaondoka, mwite Nsengimana. Mkalishe chini. Usimguse bado. Muulize: iliumia siku gani?